Kabla ya Kutia Saini: Jinsi Kiyoyozi cha Vyumba Vingi Kinavyofungwa na Kujaribiwa

Wakazi wa kata ambao wamewahi kuchaguliwa kuingia katika kamati ya mapokezi ya mradi wanaifahamu siku ya makabidhiano. Mabati hupimwa geji, milango hufunguliwa na kufungwa, masinki huhesabiwa. Kisha kamati hufikishwa mbele ya kiyoyozi, fundi hubonyeza rimoti, upepo wa baridi hutoka, wajumbe hutazamana kwa kuridhika na karatasi hutiwa saini. Mara nyingi, kati ya vitu vyote vilivyopokelewa siku hiyo, hicho ndicho pekee ambacho hakikukaguliwa.

Sababu ni kwamba kiyoyozi kilichofungwa vibaya nacho hutoa upepo wa baridi siku ya kwanza. Gesi inayovuja kwa tundu dogo huchukua wiki au miezi kuisha. Unyevu uliosalia ndani ya mabomba hula mashine polepole, na kompresa huungua wakati fundi ameshalipwa na kuondoka. Hapo kituo cha afya hubaki na chombo cha ukutani kisichofanya kazi, na fedha ya kukitengeneza hutoka katika mapato yale yale yanayonunua dawa.

Makala hii inaeleza aina moja ya viyoyozi inayofaa majengo ya huduma: ile ambayo mashine moja ya nje huhudumia vyumba kadhaa, ikipoza na kupasha joto, bila mifereji ya bati ya kupitisha hewa darini. Inaeleza pia majaribio ambayo kamati ina haki ya kuyaona kabla ya kupokea kazi. Mjumbe hahitaji kuwa fundi ili kuyaelewa.

Kwa nini kituo cha afya kinahitaji joto na baridi

Kiyoyozi si anasa katika jengo la afya. Dawa nyingi huandikwa kwenye boksi kwamba zihifadhiwe katika nyuzi joto zisizozidi 25 au 30, na stoo yenye paa la bati lisilo na dari huvuka kiwango hicho mchana wa Oktoba au Novemba, hata katika wilaya za nyanda za juu. Vipimo vya maabara vina mipaka yake ya joto pia. Upande mwingine, Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba chumba cha kujifungulia kiwe na joto la nyuzi 25 hadi 28, tena kisiwe na upepo wa kupenya, kwa sababu mtoto aliyezaliwa akiwa amelowa hupoteza joto haraka. Usiku wa Juni au Julai huko Njombe na Makete, ambako joto la nje hushuka chini ya nyuzi 10, chumba hicho hakiwezi kufikia kiwango hicho bila chanzo cha joto. Jiko la mkaa, ambalo bado hutumika katika baadhi ya nyumba, halina nafasi ndani ya wodi: hewa yake ya sumu haina harufu wala rangi, na huua.

Ieleweke pia kwamba kiyoyozi hakichukui nafasi ya jokofu. Chanjo, pamoja na dawa ya oksitosini inayozuia mama kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8. Hakuna kiyoyozi cha ukutani kitakachofika huko.

Mashine moja, vyumba vingi

Kiyoyozi hakitengenezi ubaridi; kinahamisha joto. Gesi maalumu huzunguka kati ya mashine ya ndani, iliyo ukutani mwa chumba, na mashine ya nje. Ndani hunyonya joto la chumba, nje hulitupa. Kwa kuwa ndani ya mashine ya nje kuna valvu inayoweza kugeuza mwelekeo wa gesi, kazi hiyo hufanyika pia kinyume: joto la nje, hata katika usiku wa baridi, huchukuliwa na kuingizwa chumbani. Ndiyo maana kupasha joto kwa njia hii hutumia umeme kidogo kuliko hita ya waya. Hita hugeuza uniti moja ya umeme kuwa uniti moja ya joto. Mashine hii, kwa uniti hiyo hiyo moja, kwa kawaida huingiza chumbani uniti tatu za joto au hata zaidi.

Katika aina ya vyumba vingi, mashine moja ya nje huunganishwa na mashine mbili, tatu, nne au tano za ndani. Kila moja ina mabomba yake mawili ya shaba, waya zake na rimoti yake. Faida yake inaonekana: ukuta wa nje haujai mashine, na njia ya umeme mkubwa ni moja. Hata hivyo, ina mipaka miwili ambayo wauzaji hawaipendi kuitaja.

Mpaka wa kwanza ni kwamba vyumba vyote hufuata mwelekeo mmoja. Kwa mashine za kawaida za aina hii, haiwezekani chumba cha kujifungulia kupashwa joto huku stoo ya dawa ikipozwa kwa wakati huo huo. Chumba kilichowashwa kwanza, au kile kilichopewa kipaumbele, ndicho huamua. Kingine hubaki kikisubiri huku taa yake ikimwekamweka. Ipo mitambo mikubwa inayoweza kufanya yote mawili kwa pamoja, lakini gharama yake ni ya hospitali kubwa na majengo ya ghorofa, wala si ya kituo cha kata.

Mpaka wa pili ni kwamba mashine ya nje ikiharibika, vyumba vyote hunyamaza siku hiyo hiyo.

Kutokana na mipaka hiyo, mpangilio wa busara ni kuipa stoo ya dawa kiyoyozi chake peke yake, kwa kuwa yenyewe huhitaji kupozwa nyakati ambazo vyumba vya wazazi vinahitaji joto. Kufunga vyumba vyote kwenye mashine moja ili kuokoa bei ya mashine ya pili ni uamuzi unaopendeza kwenye makadirio tu.

Ukubwa wa mashine huhesabiwa kwa BTU kwa saa. Chukua mfano wa maabara ya BTU 12,000, chumba cha kujifungulia cha 12,000 na wodi ya wazazi ya 12,000. Jumla ni 36,000. Muuzaji anaweza kupendekeza mashine ya nje ya 28,000, na hilo si udanganyifu, kwani vyumba vyote havihitaji nguvu kamili kwa wakati mmoja. Lakini siku vitakapoihitaji, kila chumba kitapata pungufu ya kilichoandikwa kwenye mashine yake. Kamati inapaswa kujua hivyo kabla ya ununuzi. Na chumba kisicho na dari kiwekewe dari kwanza. Kupoza hewa iliyo chini ya bati tupu ni kuchoma uniti za LUKU.

Kazi ya ufungaji

Mashine ya nje hukaa mahali penye hewa ya kutosha, juu ya zege au vyuma imara, mbali na madirisha ya wodi na mahali ambapo mifugo na watoto hawafiki. Mashine ya ndani hufungwa juu ukutani, ikiwa imepimwa kwa pima maji. Katika chumba cha kujifungulia, upepo wake usielekee meza ya kumhudumia mtoto. Bomba la kutolea maji lazima literemke mfululizo hadi nje. Likipanda hata kidogo mahali pamoja, maji yatarudi na kutiririka ukutani.

Kazi nyeti kuliko zote ni maungio ya mabomba ya shaba. Fundi hukata bomba kwa kikatio maalumu, husafisha makali ya ndani, hupanua mdomo wa bomba kama tarumbeta ndogo, kisha hufunga nati kwa spana yenye kipimo. Nati ikilegea, gesi huvuja. Ikikazwa kupita kiasi, mdomo hupasuka. Kila mashine ya ndani ina maungio manne, mawili chumbani na mawili kwenye mashine ya nje. Kiyoyozi cha chumba kimoja kina maungio manne tu, ilhali cha vyumba vitatu kina kumi na mawili, na yote yanatumia gesi moja. Ungio moja likivuja katika wodi, maabara nayo hukosa baridi. Hii ndiyo sababu kubwa inayofanya majaribio ya aina hii kuwa ya lazima zaidi kuliko yale ya kiyoyozi cha chumbani nyumbani.

Jaribio la kwanza: shinikizo

Kabla ya gesi ya kiyoyozi kufunguliwa, fundi hujaza naitrojeni kavu katika mabomba hadi shinikizo lililoandikwa katika kitabu cha mtengenezaji, ambalo kwa mashine za gesi ya R410A au R32 huwa karibu na baa 40. Shinikizo hupandishwa kwa hatua, maungio hupakwa povu la sabuni, kisha geji huachwa kwa saa kadhaa, na ni vyema zaidi usiku kucha. Joto la hewa huandikwa mwanzoni na mwishoni, kwa sababu shinikizo hushuka lenyewe hewa inapopoa: kwa tofauti ya nyuzi 10, geji iliyosoma baa 40 hushuka kwa zaidi kidogo ya baa 1 bila kuwapo uvujaji wowote. Ikishuka kuliko hapo, kuna tundu.

Hapa pana jambo la kufa na kupona. Baadhi ya mafundi, wakikosa mtungi wa naitrojeni, hutumia oksijeni ya kuchomelea, na katika kituo cha afya mtungi wa oksijeni hauko mbali. Oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka. Kamati ikiona mtungi wa oksijeni umeunganishwa kwenye kiyoyozi, isimamishe kazi papo hapo na kuwaondoa watu.

Jaribio la pili: kunyonya hewa

Naitrojeni ikishatolewa, mabomba hubaki na hewa na unyevu. Vyote viwili lazima viondolewe kwa pampu ya kunyonya hewa. Mafuta ya mashine za sasa hufyonza unyevu haraka na kuugeuza kuwa asidi inayokula kompresa. Kipimo kinachokubalika na wengi ni mikroni 500 au chini ya hapo, na husomwa kwa kifaa chake maalumu. Geji za kawaida za fundi haziwezi kuonyesha tofauti ndogo kiasi hicho. Kwa hiyo jibu la “nimeiacha pampu nusu saa” halitoshi, kwani muda si kipimo.

Baada ya kufika hapo pampu hufungwa na kipimo hutazamwa kwa dakika kumi au kumi na tano. Kikipanda kidogo kisha kikatulia, kuna unyevu uliobaki, na pampu iendelee. Kikipanda bila kutulia, kuna uvujaji. Kwa kiyoyozi cha vyumba vitatu, kazi hii hufanywa kwa mabomba ya kila chumba, si ya chumba kimoja kwa niaba ya vingine.

Ipo njia ya mkato inayotumika mitaani: kufungua gesi ya mashine kidogo ili isukume hewa itoke. Njia hiyo haiondoi unyevu, hupunguza gesi iliyopimwa kiwandani, na ikiwa gesi ni R32, ambayo inaweza kuwaka, huongeza hatari. Aidha, gesi hizi hazipaswi kuachwa ziende angani. Gesi ya zamani ya R22 huharibu tabaka la ozoni na inaondolewa duniani chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987. R410A na R32 haziharibu ozoni, lakini huongeza joto la dunia, ndiyo maana nchi zilikubaliana mjini Kigali mwaka 2016 kupunguza pia matumizi ya gesi za kundi hilo. Mashine ya R22 ikiletwa kituoni leo kama mpya, irudishwe.

Jambo la kupima hapa pia ni urefu wa mabomba. Mashine hutoka kiwandani na gesi ya kutosha urefu fulani. Mabomba yakizidi urefu huo, gesi huongezwa kwa mizani, kwa gramu, kwa kufuata jedwali la mtengenezaji. Kiasi kilichoongezwa huandikwa kwenye kibandiko cha mashine ya nje, kwani fundi atakayekuja miaka mitatu baadaye hatakuwa na njia nyingine ya kukijua.

Jaribio la tatu: chumba kimoja kimoja

Hili ndilo jaribio ambalo mjumbe yeyote anaweza kulisimamia akiwa na kipimajoto cha kawaida, na ndilo linalorukwa zaidi.

Mabomba na waya za vyumba vitatu hupita katika njia moja hadi kwenye mashine ya nje, ambako kila chumba kina herufi yake: A, B, C. Ni rahisi mabomba ya maabara kufungwa kwenye A na waya zake kwenye B. Vyumba vyote vikiwashwa kwa pamoja, kosa hilo linaweza lisionekane kabisa, kwa kuwa gesi inakwenda kila mahali. Lakini siku maabara itakapowashwa peke yake, mashine ya nje itapeleka gesi wodini. Maabara itapuliza hewa isiyopoa, huku kifaa cha wodini, ambacho hakijawashwa, kikiganda barafu na kudondosha maji juu ya kitanda.

Kwa hiyo vyumba vyote huzimwa, kisha huwashwa kimoja tu kwa dakika 15 hadi 20. Joto la hewa inayoingia juu ya mashine ya ndani hupimwa, kisha la hewa inayotoka chini. Katika kupoza, tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ni ya kawaida. Vyumba vingine hushikwa kwa mkono kuhakikisha havipoi. Kisha hicho huzimwa na kinachofuata huwashwa. Baada ya vyote, zoezi hurudiwa kwa upande wa joto, ambapo hewa inayotoka kwa kawaida huvuka nyuzi 35. Mwisho, vyumba vyote huwashwa pamoja kuona kama mashine ya nje inamudu.

Asubuhi ya baridi kali mashine inayopasha joto inaweza kusimama kwa dakika chache huku ya nje ikitoa mvuke na kudondosha maji. Hiyo si hitilafu, inajiyeyushia barafu.

Maji nayo hujaribiwa kwa maji. Lita moja humiminwa taratibu kwenye beseni la ndani ya kila mashine ya ukutani, na mtu husimama nje kuhakikisha yanatoka yote.

Umeme

Mashine ya nje ya BTU 28,000 huhitaji takribani kilowati 2.5 inapofanya kazi kwa nguvu kamili. Iwe na swichi yake ya kukatia umeme kwenye boksi kuu, waya wa unene unaofaa na waya wa ardhini uliopimwa. Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, na kamati ina haki ya kuiona leseni hiyo. Kwa upande wa gesi, fundi awe na cheti cha ufundi wa majokofu na viyoyozi, kama kile cha VETA. Wakala wa Ufundi na Umeme, TEMESA, pia hufanya kazi za aina hii kwa majengo ya Serikali.

Jaribio moja la umeme husahaulika ingawa ni rahisi mno. Mashine ikiwa inafanya kazi, umeme ukatwe kwenye swichi kuu, usubiriwe dakika tano, urudishwe. Je, kila chumba kinajiwasha chenyewe na kurudi katika joto lililopangwa? Mashine nyingi zina uwezo huo, ila wakati mwingine huhitaji kuamrishwa kwa kitufe ambacho fundi hakukigusa. Stoo ya dawa ambayo kiyoyozi chake hakirudi baada ya umeme kukatika Ijumaa jioni itapikika hadi Jumatatu.

Karatasi

Kila jaribio huacha namba: shinikizo la mwanzo na la mwisho, saa zake, mikroni, gramu za gesi iliyoongezwa, joto la hewa kwa kila chumba. Namba hizo huandikwa katika karatasi moja, fundi na msimamizi wa kazi hutia saini, na nakala hubaki kituoni pamoja na kitabu cha mtengenezaji na kadi ya udhamini. Katika miradi inayotekelezwa kwa fosi akaunti, ambako kamati ya mapokezi huundwa na wananchi wenyewe, karatasi hiyo ndiyo inayopaswa kuombwa kabla ya rimoti. Pasipo karatasi, kamati inaweza kupokea jengo na kuandika kwamba kiyoyozi bado hakijapokelewa. Sheria haiilazimishi kupokea kisichopimwa.

Pale mkataba unapozuia sehemu ya malipo hadi kipindi cha matazamio kiishe, tarehe ya mwisho wa kipindi hicho ibandikwe ofisini kwa mganga mfawidhi. Wiki chache kabla yake, jaribio la chumba kimoja kimoja lirudiwe na namba mpya zilinganishwe na zile za siku ya makabidhiano. Tofauti ya joto iliyokuwa nyuzi 11 ikiwa sasa ni 5, vichujio vya hewa vioshwe kwanza na kipimo kirudiwe. Ikibaki vile vile, huenda gesi inavuja, na fundi aitwe fedha yake ikiwa bado haijatoka.